Kufungua Injini ya Zamani au Kununua Iliyotumika: Kisa cha Hiace Moja ya Lubumbashi

Kisa hiki kinahusu gari moja tu: Toyota Hiace ya mwaka 1996, yenye injini ya dizeli ya aina iitwayo 3L, inayobeba abiria kati ya Lubumbashi na Likasi, kilomita zipatazo 120 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Mwenye gari ni dada yangu, mtoto wa mama mdogo, aliyelinunua kwa akiba ya biashara yake ya vitenge. Mimi nimeingia katika habari hii kwa sababu nilikaa miaka mingi mbele ya mashine za kukereza chuma kabla ya kustaafu, na katika ukoo wetu mtu aliyewahi kushika maikromita huitwa kila gari linapolala. Swali aliloniletea lilikuwa fupi: injini imekufa, je, tuifungue na kuitengeneza upya, au tununue nyingine iliyotumika? Jibu tulilipata baada ya wiki mbili, utekelezaji ukachukua zaidi ya wiki tatu, na sehemu ya hesabu yangu ilikosea, kama itakavyoonekana.

Jinsi ilivyokufa

Dalili hazikuja siku moja. Tangu mwezi wa Mei, asubuhi za kiangazi zilipoanza kuuma kwa baridi, dereva alikuwa akiliegesha gari usiku kwenye mteremko ili alfajiri aliwashe kwa kulisukuma, akisingizia betri. Moshi mweupe ulidumu dakika kumi kabla ya kukata, oili ilipungua karibu lita moja kila siku ya kazi, na ukifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikinguruma, mvuke ulikupiga usoni kama wa sufuria ya bukari, yaani ugali. Hayo yote yalikuwa ya uchakavu. Kilichoiangusha hasa ni joto. Alhamisi moja, gari likitoka Likasi limejaa watu na magunia ya makala, yaani makaa, juu ya paa, sindano ya joto ilipanda, dereva akaendelea kwa kuwa mji ulikuwa umeshaonekana, na injini ikazimika yenyewe kabla ya kufika kituoni. Jioni ile nilipovuta kijiti cha kupimia oili, kilitoka na kitu cha rangi ya chai ya maziwa, na hapo hakuna fundi anayehitaji maelezo zaidi: maji yamekutana na oili.

Nilipofika nilikuta rai tatu. Fundi wa kawaida wa gari lile alitaka abadilishe gasketi ya kichwa cha silinda na ringi za pistoni tu, yaani jwenti ya kulasi na segma kama tunavyosema huku, kwa dola 350, na gari lirudi barabarani baada ya siku nne. Dereva alitaka inunuliwe moteri ya Japani. Shemeji alitaka gari liuzwe jinsi lilivyo, kila mtu apumzike.

Rai ya shemeji ndiyo iliyokuwa rahisi kupima. Niliingia chini ya gari na nyundo ndogo, nikagonga chasi kuanzia mbele hadi nyuma. Ililia kwa sauti kavu ya chuma kizima, giaboksi ilikuwa njema, na kutu ilikuwa ya milango tu. Gari la namna hiyo likikosa injini huuzwa karibu na bei ya chuma chakavu, na anayefaidi ni mnunuzi. Kama chasi ingekuwa imeoza ningeungana na shemeji, na andiko hili lisingekuwapo.

Muuaji alikuwa bado garini

Kabla ya kuzungumza injini ipi iwekwe, nilitaka kujua hii iliuawa na nini, maana kilichoiua kilikuwa bado kimo ndani ya gari kikisubiri inayofuata. Hili ndilo jambo ambalo katika gereji zetu halina msemaji: fundi hulipwa kwa kutoa injini na kurudisha injini, halipwi kwa kuuliza.

Tulipofungua nyumba ya termostati tuliikuta tupu. Dereva akakiri bila haya kwamba ilitolewa miaka miwili iliyopita, gari lilipoanza kuchemka, ili maji yapite kwa uhuru. Karibu kila fundi wa mjini hufanya hivyo, na hoja yake inasikika kuwa na akili: termostati ni mlango, ukiung'oa mlango maji hayazuiliki. Kwa injini hizi za Toyota hoja hiyo ina kasoro, kwa sababu termostati yake ni milango miwili katika kitu kimoja. Injini ikiwa baridi, mlango wa kwenda kwenye rejeta umefungwa na ule wa njia ya mkato, unaorudisha maji moja kwa moja kwenye injini, umefunguka. Injini ikipata moto, wa kwanza hufunguka na wa pili huzibwa na kisahani kilicho chini ya termostati hiyohiyo. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Gari tupu kwenye barabara tambarare haliwezi kukuonyesha tofauti. Lililobeba makala kwenye mlima litakuonyesha.

Rejeta nayo ilimwagwa mbele yangu. Maji yalitoka mekundu kama udongo wa Katanga, na katika mirija ya chini mingi ilikuwa imezibwa na kutu iliyochanganyika na chokaa ya maji ya kisima, kwa kuwa hakuna aliyewahi kutia dawa ya kuzuia kutu humo. Injini hii ina bloki ya chuma cha kusubu na kulasi ya chuma cha kusubu. Ukiilisha maji matupu kwa miaka, inajila yenyewe na kupeleka mabaki kwenye rejeta. Gharama ya kutengeneza rejeta na kununua termostati mpya sikuiingiza upande wowote wa hesabu, kwa sababu ingelipwa vyovyote vile.

Tulichopima kwenye injini ya zamani

Niliomba injini ifunguliwe kabisa kabla ya uamuzi wowote, na fundi alinuna kidogo. "Mukubwa, hii kazi ya kufungua utalipa hata kama mkinunua ingine?" Nikamwambia atalipwa dola 40 za kufungua, tuamue lolote. Naziona fedha hizo kuwa ndizo zilizotumika vizuri kuliko zote katika kisa hiki.

Tulianza na kulasi. Tuliisafisha, tukaifuta kwa mafuta ya taa, tukaikausha kwa kitambaa, kisha tukaipaka chaki nyeupe ya shule. Baada ya dakika chache mstari mwembamba ulijichora wenyewe juu ya chaki, kati ya vali ya kuingizia hewa na ya kutolea moshi ya silinda ya pili: mafuta ya taa yaliyojificha ndani ya ufa yalikuwa yakitoka. Ufa wa mahali hapo ni ugonjwa unaojulikana wa injini za ukoo wa L zinazochemka. Wapo wanaouchomelea, lakini chuma cha kusubu hakipendi kuchomelewa nusunusu, nami sikutaka dada alipie jaribio. Kulasi ikahesabiwa kuwa imekwenda.

Silinda zilikuwa na habari ya kina zaidi. Kipenyo cha silinda ya 3L ikiwa mpya ni milimita 96, na mtengenezaji anataka silinda zote zichongwe upya pale ulaji unapozidi milimita 0.20. Kabla hata ya geji, nilipitisha ukucha kutoka chini kwenda juu ya silinda ya tatu na ukakwama kwenye ukingo, pale ringi ya juu inapogeukia. Geji ilisoma ulaji wa 0.16 katika silinda ya kwanza, 0.19 ya pili, 0.27 ya tatu na 0.22 ya nne, na katika zote ulaji ulikuwa mkubwa juu kuliko chini, jambo la kawaida, kwa sababu juu ndiko kwenye moto mwingi na oili kidogo.

Hapo rai ya dola 350 ilianguka. Ringi mpya katika silinda iliyolika hivyo inalazimika kutanuka kila inapopanda na kubanwa kila inaposhuka, haikai ikashika ukuta, na ya juu kabisa, kwa kuwa pembe zake ni kali kuliko za ile iliyozeeka, hugonga ule ukingo na inaweza kukatika. Gari lingewaka vizuri kwa miezi michache, fundi angesifiwa, kisha oili ingeanza tena kuliwa. Ni dawa ya mtu anayetaka kuliuza gari wiki ijayo, nami sitaki kuieleza zaidi ya hapo.

Kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ndiyo niliyoiogopa. Nyuma ya beringi tulikuta chapa ya milimita 0.25, maana yake ilikwisha kukerezwa mara moja, na shingo mbili zilikuwa zimepoteza uduara kwa 0.03 ambapo kikomo ni 0.02. Ilikuwa na nafasi ya kwenda 0.50, na beringi za kipimo hicho zinapatikana mjini. Ingekuwa imeshafika huko na kupita, pengine nisingepigania injini ya zamani. Uso wa bloki tuliukagua kwa rula ya chuma na vipande vyembamba vya kupimia nafasi, ukawa mzuri.

Kwa ufupi tulikuwa na bloki nzima, kranki yenye maisha mengine mbele yake, silinda za kuchongwa hadi 96.50, na kulasi ya kutupwa.

Injini ya uani

Dereva alitupeleka kwa muuzaji mmoja upande wa Kenya, mojawapo ya komine (tarafa) za mji, uani ambako injini zimepangwa chini kama maboga. Nyingi hupitia bandari ya Dar es Salaam, zikavuka Tunduma, zikakata Zambia nzima na kuingilia Kasumbalesa, safari ya karibu kilomita 2,000 juu ya lori. Sifa wanayopewa ni moja: ni ya Japani, haijachoka.

Sifa hiyo ilikuwa na msingi wake. Japani magari ya watu binafsi hukaguliwa kwa lazima kila baada ya miaka miwili, na kuanzia Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani ilipiga marufuku magari ya biashara ya dizeli yasiyotimiza masharti mapya ya moshi. Magari mengi ambayo bado yalikuwa na nguvu yakatafuta masoko mengine. Lakini Hiace ya umbo hili iliacha kutengenezwa kwa soko la Japani mwaka 2004. Injini ya 3L inayoshushwa leo, hata kama kweli imetoka huko moja kwa moja, ina zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka hiyo yote hakuna anayejua ilikaa wapi. Umbali uliosomwa kwenye dashibodi ulibaki na dashibodi.

Tuliyoonyeshwa ilikuwa imepakwa rangi ya fedha, jambo ambalo kwangu ni sababu ya kuwasha tochi. Kwenye kingo za sampu, bakuli la oili la chini, palikuwa na gundi nyekundu iliyofurika, kumaanisha kwamba ilikwisha kufunguliwa na mtu asiye wa kiwandani. Ndani ya kifuniko cha oili, hata hivyo, palikuwa safi, na njia za maji hazikuwa na kutu nyingi. Bei yake ilikuwa dola 1,400 pamoja na pampu ya dizeli, bila alteneta. Tuliomba isikike. Wakaifunga kwenye fremu ya chuma, wakaingiza mpira wa maji na kidumu cha dizeli, ikawaka kwa mguso wa kwanza na kunguruma vizuri mno. Dada alinitazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kununua.

Baada ya robo saa ya kupata moto nikaomba kupima mgandamizo, yaani nguvu ambayo kila silinda hubana hewa. Plagi za kupashia moto zikatolewa zote nne, waya wa kuzimia wa pampu ukachomolewa ili dizeli isiingie, nikafunga geji silinda moja baada ya nyingine. Silinda ya kwanza ilitoa bari 24, ya pili 23.5, ya tatu 18, ya nne 23. Nikabadilisha betri nikarudia. Ya tatu ikabaki 18.

Injini hii ikiwa mpya hutoa kiasi cha bari 30, na kikomo cha chini ni 20. Muuzaji alikuwa na jibu tayari, na lilikuwa jibu la mtu anayeijua kazi yake: "Papa, hapa tuko juu. Hewa ni nyepesi, geji lazima isome chini." Alisema kweli. Lubumbashi iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako msukumo wa hewa ni pungufu kwa asilimia 13 hivi, kwa hiyo 20 ya kitabuni huku ni kama 17.5, na 18 yetu ilikuwa imepita kwa unywele. Lakini hewa nyepesi huingia katika silinda zote nne kwa usawa. Haiwezi kuichagua ya tatu ikaziacha zilizobaki. Tofauti inayokubalika kati ya silinda na silinda ni bari 5, na hapa ilikuwa 6.

Kijana wake alitaka kumimina oili kidogo katika silinda hiyo ili geji ipande na kuonyesha kwamba vali ni nzima. Nilikataa, na nadhani inafaa kueleza kwa nini, kwa kuwa mbinu hiyo hutumika sana. Katika injini ya petroli ina maana. Katika 3L, ambayo hubana hewa mara 22, nafasi inayobaki pistoni ikifika juu ni sentimita za ujazo 33 hivi. Vijiko viwili vya chai vya oili vinaijaza karibu theluthi, na geji itapanda kwa sababu nafasi imepungua, si kwa sababu injini ina afya. Mtu asiyelijua hilo angeondoka pale akiwa ameridhishwa na vijiko viwili vya oili.

Palikuwa na uwanja mwingine wenye 5L, ndugu mkubwa wa 3L, wa sentimita za ujazo 2,986 badala ya 2,779, ambayo hukaa kwenye viunga vilevile bila kukata kitu. Ilikuwa nzuri. Bei yake ilikuwa dola 1,900, ikatoka katika mjadala siku hiyohiyo.

Hesabu, na mahali ilipokuwa haitoshi

Gari lile humletea dada dola 30 kila jioni ya kazi. Nilizihesabu siku za kulala kuwa gharama, jambo ambalo watu hulisahau.

Kwa injini ya uani: dola 1,400 za kununua, 120 za kutoa na kufunga, 130 za oili, filta, mkanda mpya wa taimingi na sili. Mkanda huo si wa kuuhurumia, kwani ukikatika vali hukutana na pistoni, na hakuna anayejua uliokuja na injini umri wake. Jumla 1,650. Siku 5 za kulala ni 150, inakuwa 1,800.

Kwa injini ya zamani: pistoni na ringi za 0.50 dola 160, beringi 55, seti ya gasketi 60, kulasi mpya ya China pamoja na vali 380, mkanda na rola zake 45, pampu ya maji 35, pampu ya oili 50, kuchonga silinda nne 80, kukereza kranki 70, kupima pampu ya dizeli na nozeli 120, oili na filta 50, ufundi 180 ukijumlisha zile 40 za kufungua. Jumla 1,285. Siku 16 za kulala ni 480, inakuwa 1,765.

Dola 35 kati ya njia mbili si tofauti. Ni gharama ya teksi za kwenda na kurudi karakana. Kisha muuzaji, aliyekwisha kuelewa kwamba geji imemharibia, akapiga simu usiku na kushuka hadi 1,150. Njia ya uani ikawa 1,550, nafuu ya dola 215.

"Yaya," dada akaniambia, kama tunavyomwita ndugu mkubwa huku, "hiyo ni karo ya watoto wawili. Na wewe mwenyewe umesema imepita."

Nilimjibu kwamba bei imeshuka lakini silinda ya tatu haijapanda, na kwamba injini iliyo kwenye mpaka haikai mpakani muda mrefu ikibeba makala. Jibu hilo halikumtosha, na alikuwa na haki, kwa kuwa mimi nilikuwa nikizungumza habari ya bari na yeye habari ya fedha zake. Swali lililoamua alilitoa yeye: ikifa baada ya mwezi, nani atanirudishia? Tukarudi kwa muuzaji na pendekezo kwamba alipwe 850, na 300 zilizobaki zishikwe na mtu wa pande zote mbili kwa siku 30. Alikataa. Dhamana yake ilikuwa siku tatu, na ilihusu kuwaka tu. Mtu anayeijua injini yake kuliko sisi hakutaka kuwekea siku 30 juu yake. Dada hakuhitaji geji tena.

Kulikuwa na jambo la pili ambalo hesabu yangu haikuwa na mahali pa kulitia. Injini ya uani hulipwa kwa mkupuo. Ya zamani hulipwa vipandevipande: leo kuchonga, wiki ijayo pistoni, kulasi mwisho. Zamu ya dada katika likelemba, mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, ya wanawake wa soko ilikuwa inaangukia mwisho wa Juni. Angenunua ya uani angekopa. Kwa kufungua ya zamani hakukopa kitu. Watu wengi mjini hufungua injini zao kwa sababu hiyo peke yake, na mafundi huwaona kuwa wabahili.

Tukachagua kufungua.

Siku ishirini na tatu

Mchongaji silinda nilimchagua mwenyewe, mzee mmoja aliyejifunza kazi enzi ambazo viwanda vya migodi vilikuwa shule za ufundi za mkoa mzima. Nilimpelekea pistoni kabla hajagusa bloki, kwa kuwa silinda huchongwa kuifuata pistoni iliyo mkononi na si namba iliyoandikwa kwenye boksi. Wapo wanaochonga kwanza kisha wakamtuma mtu sokoni.

Siku ya pili, kisu kikiwa katikati ya silinda ya tatu, umeme ulikatika. Kisu kilisimama na kuacha duara ndani ya ukuta, unaloliona kama mfereji mwembamba ukiwasha tochi. Bahati ilikuwa kwamba ulikuwa mpito wa kwanza na bado palibaki chuma cha kuliondoa duara lile. Kama ungekuwa wa mwisho tungelazimika kwenda 0.75 na kununua pistoni nyingine. Mzee alikataa kuendelea kwa umeme ule, na tulingoja siku tatu hadi jenereta ilipopatikana. Sikumlaumu.

Gasketi ilitula siku nne. Kwa injini hii hutengenezwa unene wa aina tatu, zenye alama B, D na F, na huchaguliwa kwa kupima pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya uso wa bloki. Seti tuliyonunua ilikuwa na moja isiyo na alama yoyote. Fundi alitaka kuifunga hivyohivyo. Nyembamba kuliko inavyotakiwa, pistoni inaweza kugusa kulasi. Nene kuliko inavyotakiwa, mgandamizo tulioulipia unapotea. Tuliagiza ya D kutoka ng'ambo ya mpaka.

Kukaza kulasi nako kulileta maneno. Boliti zake hukazwa kwa kipimo cha nguvu kwanza, kisha robo zamu, kisha robo zamu nyingine. Fundi alikuwa na bomba refu na mkono uliozoea. Tuliazima spana ya kipimo, kisha kila kichwa cha boliti tukakitia doa la rangi ya kucha ya binti wa dada, ili robo ionekane kwa macho. Baada ya boliti ya sita fundi alianza kuyafurahia yale madoa.

Pigo la mwisho lilitoka kwenye pampu ya dizeli. Dada alikuwa amemruhusu dereva kununua mafuta kwa Kadafi wa barabarani, wauza mafuta ya vidumu, kila foleni zilipokuwa ndefu, na mchanga wa vidumu vile ulikuwa umekwisha kukwaruza kichwa cha pampu. Dola 140 zaidi.

Kwa hiyo hesabu yangu ya 1,765 ilifika 2,115: pesa taslimu 1,425, na siku 23 badala ya 16. Nilikosea kwa dola 350, na sehemu kubwa ya kosa ni kwamba siku 16 nilizoandika zilikuwa za mji wenye umeme na gasketi zenye alama. Upande mwingine, dola 30 za kila jioni si faida tupu, maana matairi na breki hutoka humohumo. Ningeandika 20, njia zote mbili zingeshuka na ile ya kufungua ingeshuka zaidi. Kwa mwenye gari linalolipa dola 60 kwa siku na fedha mkononi, ningeshauri ile 5L ya dola 1,900 bila kufikiri mara mbili, baada ya kuipima. Na kwa mwenye kranki iliyokwisha kufika 0.50, nisingefungua.

Injini ilipowaka nilipima mgandamizo: 27, 27, 26.5, 27, kwa hewa ya Lubumbashi. Kilomita 1,000 za kwanza gari lilikwenda bila makala na bila kuzidi 80 kwa saa, dereva akilalamika kwamba abiria wanamcheka. Oili iliyopungua katika umbali huo ilikuwa chini ya nusu lita.

Lilipokuja kumwagwa oili ya kwanza, mwanzo wa Septemba, fundi aliinama juu ya injini, akaifuta nyumba ya termostati kwa kitambaa kwa upole. "Mama," akamwambia dada, "Oktoba inakuja na joto lake. Hii tungeitoa tu, maji yapite."

Dada alikuwa amekaa juu ya tairi la akiba akihesabu faranga. Hakuinua kichwa. "Ukiigusa hiyo," akasema, "zile dola 350 za Yaya utazilipa wewe."